Jiwe chini ya Musa: kukaa karibu na mwenzi mwenye ugonjwa wa mapigo ya moyo

Somo: Kutoka 17:8-13

 

Mnaijua habari ya Refidimu. Waamaleki wamekuja kupigana na Israeli. Yoshua anashuka vitani pamoja na vijana, Musa anapanda kilimani na Aroni na Huri, fimbo ya Mungu mkononi. Mikono ya Musa ikiwa juu, Israeli wanashinda. Ikishuka, Waamaleki wanashinda. Na mikono ikachoka. Hapo ndipo nataka tukae leo, pale mikono ilipochoka.

Tazameni wale wazee wawili walifanya nini. Hawakumwambia Musa kwamba imani yake imepungua. Hawakuanza kuchunguza alitenda zambi gani jana usiku, ao ni nani wa ukoo wake aliyemroga. Walitafuta jiwe. Wakaliweka chini yake, akaketi, kiisha wakaishika mikono yake, mmoja upande huu na mwingine upande ule, mpaka jua likatua. Maombi hayakukatika hata dakika moja, na chini ya maombi kulikuwa jiwe.

Ninyi mnaonijua mnajua kwamba kazi iliyonilisha miaka yote ni uuguzi. Kwa hiyo leo mtanivumilia nikichanganya Biblia na mambo ya wadi, kwa sababu nataka kusema na mtu ambaye bibi yake ao mume wake ana moyo usiopiga sawasawa. Wengi wanajua kumwombea. Wachache wanajua jiwe lake liko wapi.

Moyo una vyumba vinne. Viwili vya juu vinapokea damu, viwili vya chini vinaisukuma mwilini. Katika ugonjwa huu vyumba vya juu vinaacha kupiga, vinatetemeka tu kama jani la muhogo penye upepo. Vya chini vinapata amri zisizo na mpango: mara vinakimbia, mara vinangoja. Kwenye karatasi ya munganga utakuta neno fibrilasio. Mgonjwa anasikia kama ndege amefungwa kifuani na anapiga mabawa. Anachoka kwa ndoo moja ya maji. Anahema akipanda kutoka mtoni. Wengine hawasikii kitu chochote, na hao ndio ninaowaogopea zaidi.

Kwa nini? Ninyi wa mtoni mtanielewa upesi. Pale Lualaba inapokimbia, maji hayashiki uchafu. Lakini nenda kwenye kona ambako maji yamelala, utakuta povu, majani na vijiti vimeshikamana. Damu pia ni hivyo. Ikilala ndani ya chumba kinachotetemeka, inaganda. Siku moja donge linatoka, linafuata njia ya damu mpaka kichwani, linaziba. Asubuhi mtu anaamka mdomo umepinda, mkono hauinuki, maneno hayatoki. Ndiyo hiyo AVC. Mwenye mapigo ya namna hii anakaribia kuwa na hatari mara 5 ya kupata AVC kuliko mtu asiye na ugonjwa huu. Na dawa inayozuia damu isigande, ikinywewa vizuri, inaondoa karibu theluthi mbili ya hatari hiyo.

Kwetu, mdomo ukipinda asubuhi, jioni familia imekwisha kupata mchawi. Mara nyingi ni bibi wa mgonjwa, ao mama mkwe, ao mtoto mdogo wa watu asiye na wa kumtetea. Na kile kikopo cha dawa kilichoisha tangu mwezi uliopita, kikakosa kununuliwa tena, hakuna anayekitaja.

Ugonjwa wenyewe unatoka wapi? Mara nyingi kwa tansio iliyopanda miaka mingi bila kutunzwa. Mara nyingine kwa tezi ya shingo. Pombe pia, hasa lutuku. Ninajua nasema na watu wa kanisa, lakini kanisa nalo lina mlango wa nyuma. Na Afrika tuna njia nyingine. Mtoto anaumwa koo, hatibiwi, viungo vinavimba na kuuma, homa inapita, wazazi wanashukuru Mungu. Kumbe homa imeacha jeraha kwenye milango ya moyo. Miaka mingi baadaye, mtoto yule sasa ni mama wa watoto, ile milango imekuwa migumu na moyo unaanza kutetemeka. Mwaka 2022 wanganga walitangaza matokeo ya uchunguzi mkubwa wa wagonjwa wa namna hii, zaidi ya watu 4,500 katika nchi 24 za Afrika, Asia na Amerika ya Kilatini. Umri wao wa kati ulikuwa miaka 50 hivi. Na karibu 7 kwa kila 10 walikuwa wanawake.

Kwa hiyo baba, usizime redio ukifikiri hili ni somo la idara ya wamama.

Mume akiugua, bibi anakaa naye. Analala chini kwenye mkeka wa hospitali, anapika nje, anafua. Tumezoea. Lakini bibi akiugua moyo, kuna wanaume wanaopiga hesabu: hawezi tena kulima, hawezi kubeba kuni, basi arudi kwao akapumzike kwa mama yake. Wanasema kupumzika. Baba, siku ile mbele ya madhabahu uliyeapa ni wewe. Mama yake alikuwa kwenye benchi analia tu, hakuapa kitu. Mgonjwa ambaye dawa yake inapimwa kila mara kwa damu, ukimpeleka kijijini kilomita 100 kutoka kwa laboratwari, jua umempeleka wapi.

Na kuna neno la wawili ambalo nitalisema hata kama watoto wanasikia. Ile dawa ya zamani ya kuzuia damu kuganda inaweza kumharibu mtoto tumboni, zaidi sana katika miezi mitatu ya kwanza. Tena moyo wenye milango iliyoharibika unaweza kushindwa na uzito wa mimba. Kwa hiyo kabla ya kutafuta mtoto mwingine, mwende kwa munganga ninyi wawili, si bibi peke yake. Mpaka hapo, mkubaliane namna ya kungoja. Na kama mimba imekwisha kuingia, asiache dawa kwa akili yake mwenyewe. Akimbilie hospitali siku hiyohiyo, watambadilishia. Mume anayemlazimisha bibi mgonjwa kuzaa ili ukoo usimcheke, huyo yuko kilimani kweli, lakini anavuta mkono wa Musa kwenda chini.

Sasa hiyo dawa. Jina lake ni warfarini, ao ndugu yake Sintrom. Nimesikia watu wakinong'ona: hiyo ni sumu ya panya, hospitali inataka kutuua. Tusikatae, ni kweli. Miaka ya 1920, huko Kanada na kaskazini mwa Marekani, ng'ombe walikula majani yaliyooza ghalani wakafa kwa kutokwa na damu. Wataalamu wa Wisconsin wakatafuta mpaka wakakipata kile kitu ndani ya majani. Kuanzia mwaka 1948 dawa iliyotoka katika utafiti huo ikauzwa kuulia panya. Mwaka 1954 ikaruhusiwa kwa watu, na mwaka 1955 Rais Eisenhower wa Marekani aliposhikwa na moyo, alipewa dawa hiyohiyo. Panya anakula nyingi bila kipimo. Mgonjwa anakunywa kidogo kwa kipimo, na kipimo chenyewe kinaitwa INR. Kwa wagonjwa wengi munganga anataka INR iwe kati ya 2 na 3. Ikiwa chini, damu inaganda. Ikiwa juu sana, damu inatoka: puani, kwenye fizi, kwenye mkojo, ao choo kinakuwa cheusi kama lami. Kazi yako wewe mwenzi ni kujua tarehe ya kipimo kama unavyojua tarehe ya ada ya shule, na feza yake iwe imewekwa kando kabla ya tarehe kufika.

Kidonge kinywewe saa ileile kila siku. Wengi wanakifunga na sala ya jioni ya familia, na ninalipenda jambo hilo: watoto wanaimba, baba anakunywa dawa, mnasema amina. Akisahau na akakumbuka siku hiyohiyo, anywe. Akikumbuka kesho yake, asinywe viwili kwa mara moja. Nunua kaye ya franka kidogo, kila jioni uandike alama. Munganga akiona kaye hiyo anajua ana watu wawili mbele yake, mgonjwa na msaidizi wake.

Kiisha kuna chungu. Sombe, matembele, lengalenga, majani yetu yote ya kijani yana vitamini K, ambayo inapingana na warfarini. Mama mwingine akisikia hivi anamnyima mume wake sombe kabisa, na mtu wa Maniema bila sombe anakuwa mgonjwa wa pili. Hapana. Ale, ila kiasi kiwe kilekile juma kwa juma, na munganga ajue kwamba anakula. Hatari ni kukaa majuma mawili bila majani, halafu mgeni anatoka Kibombo na furushi zima la majani mnakula asubuhi na jioni mpaka yaishe. Damu itabadilika na hutajua kwa nini.

Dawa za barabarani ni hatari kuliko sombe. Tumbo likiuma tunanunua Flagyl kama mtu anayenunua karanga. Kikohozi, Bactrim. Mgongo, aspirini ao ibuprofeni. Hizo zote, mtu anayekunywa warfarini akizichanganya bila munganga kujua, zinaweza kumtoa damu. Sindano ya matako pia, inaweza kuacha damu ndani ya nyama. Mizizi ya babu, hatujui iliyomo. Na malaria itakuja. Hakuna anayeishi Kindu bila malaria. Siku hiyo, kabla muuguzi hajaandika chochote, wewe mwenzi sema: huyu anakunywa dawa za moyo, hizi hapa. Beba vikopo vyenyewe, usitegemee kichwa. Kuna dawa ya moyo inayoitwa digoksini ambayo haipatani na kwinini. Kwinini inaiongeza ndani ya damu mpaka inakuwa sumu.

Tena ndugu wa Ulaya atatuma dawa mpya, yenye sanduku zuri, ambayo haihitaji INR. Kwa wagonjwa wengi dawa hizo mpya ni nzuri kweli. Lakini ule uchunguzi wa mwaka 2022 niliotaja ulilinganisha dawa mpya moja na ile ya zamani, kwa watu ambao milango yao ya moyo iliharibiwa na homa ya utotoni. Waliokunywa ya zamani walikufa wachache zaidi. Mshukuru ndugu wa Ulaya, kiisha sanduku lipeleke kwa munganga kabla ya kulifungua.

Jifunze pia kuhesabu mapigo. Weka vidole viwili, si kidole gumba, kwenye kifundo cha mkono wa mwenzako, chini ya gumba lake. Tazama saa ya telefone, hesabu dakika nzima. Usihesabu nusu dakika na kuzidisha, kwa sababu mapigo haya ni kama mvua inayoanza juu ya mabati, matone hayafuatani. Akiwa ametulia, yakizidi 110 ao yakishuka chini ya 50, usingoje kesho, mpeleke. Akizimia, ao kifua kikibana, ao akishindwa kupumua akilala, mpeleke. Mdomo ukipinda ao mkono ukianguka, mpeleke hata kama baada ya robo saa amerudi sawa. Hilo lililorudi sawa linaweza kuwa hodi ya lile kubwa. Anayekaa Alunguli ajue mapema ni mwenye mtumbwi gani atakayekubali kumvusha saa nane ya usiku, na feza ya kuvuka isiguswe kwa chumvi wala kwa sabuni.

Usiku ndio mgumu. Moyo unashtuka, mgonjwa anaketi kitandani, jasho linamtoka, anasema ninakufa. Wapendwa wangu wa maombi, hapo naomba tuwe na hekima. Kuna wanaoanza kukemea kwa sauti kubwa, kumsukuma kichwa, kuita majirani, na moyo uliokuwa unakimbia 120 unakimbia zaidi. Kaa karibu yake. Shika mkono, na kwa mkono huohuo hesabu mapigo. Omba polepole sikioni mwake. Mungu aliyemjia Eliya katika sauti ndogo ya upole anasikia vizuri.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo baadhi yenu mmelingoja, wengine kwa hasira kidogo. Mtu ameombewa. Amesikia joto kifuani, mapigo yametulia, siku tatu ni mzima kabisa. Jumapili analeta vidonge mbele, anavitupa, kanisa linapiga makofi. Bibi yake afanye nini?

Mimi ninaamini Mungu anaponya, nisingesimama hapa kama siamini. Lakini sikilizeni tabia ya ugonjwa huu. Kwa watu wengi unakuja na kuondoka. Leo moyo unapiga sawa, juma lijalo unatetemeka usiku wakati mtu analala. Kusikia vizuri si alama ya kutosha, na donge halingoji mpaka mtu asikie vibaya. Katika Luka 17, wale wakoma kumi, Yesu aliwatuma wapi? Kwa makuhani, waliokuwa na kazi ya kuchunguza ngozi na kusema huyu ni safi ao bado. Yeye mwenyewe ndiye aliyeponya, na hakuogopa ukaguzi. Basi na sisi, aliyeponywa moyo aende na ushuhuda wake hospitali, wamfanyie elektro, na kama kuna ekografi ya moyo, wamfanyie. Munganga akisema acha dawa, tutaimba pamoja naye. Mpaka siku hiyo, mama, kidonge cha jioni mpe, na mtu akikuambia unazuia muujiza, mwonyeshe Hezekia katika 2 Wafalme 20. Mungu amekwisha kuahidi kumwongezea miaka 15, ahadi imetoka kinywani mwa nabii, na bado Isaya anaagiza tini zilizopondwa ziwekwe juu ya jipu. Hakuna aliyemwambia Isaya kwamba tini zinaonyesha mashaka.

Katika nchi yetu tunaye Munganga Denis Mukwege, mtoto wa mchungaji Mpentekoste wa Bukavu. Amesimulia mara nyingi jinsi, akiwa mtoto, alivyofuatana na baba yake kuombea wagonjwa, akaona baba anaomba tu, hatoi dawa, akamwuliza kwa nini. Baba akamjibu kwamba yeye si munganga. Mtoto akaamua: baba ataomba, mimi nitatoa dawa. Hospitali ya Panzi, aliyoianzisha mwaka 1999, ni ya CEPAC, kanisa la Kipentekoste. Mwaka 2018 alipewa tuzo ya Nobel ya Amani. Ninalotaka mlishike ni lile neno la mtoto kwa baba yake, kwamba nyumba moja inaweza kuwa na anayeomba na anayetoa dawa, wala hawagombani mlangoni.

Na kufunga. Mgonjwa wa moyo anayekunywa warfarini na dawa ya kupunguza maji, akifunga siku tatu bila kula wala kunywa, mwili unakauka, INR inapanda, anaweza kuanguka. Wachungaji wenzangu, tusimhesabie deni. Mwenzi ndiye afunge kwa ajili yake. Mama afunge huku akimpikia, na ninajua kupika ukiwa umefunga ni kufunga mara mbili. Isaya 58 inajua mfungo wa namna hiyo, wa kumfungua aliyefungwa na kumgawia mwenye njaa chakula.

Nimesema sana na wewe unayeshika mkono mmoja. Lakini Musa alikuwa na watu wawili, na mwili wako pia utachoka. Vita ya Refidimu iliisha jua lilipotua. Dawa hii kwa wengi ni ya maisha yote. Nimeona wake waliotunza vizuri miezi sita, kiisha wakaanza kumgombeza mgonjwa, kumhesabia feza, kulia jikoni. Hawakuacha kupenda. Hawakuwa na Huri.

Huri ni kanisa. Tazameni matanga yetu: mtu akifa, kwa siku moja tunapata hema, viti, mchele, mafuta, mbuzi, hata kodi ya gari. Feza ileile ingemlipia marehemu vipimo vya miezi mingi. Ninaomba kila selula ya maombi ijiulize juma hili nani kati yao ana mwenzi mgonjwa wa moyo. Mmoja amsindikize siku ya kipimo ili bibi abaki sokoni. Mmoja alale pale usiku mmoja ili mume alale usingizi kamili. Mkileta sabuni ao unga, leteni pia swali hili dogo: dawa zimebaki za siku ngapi?

Sasa tuinuke pale tulipo. Aliye karibu na mwenzi wake mgonjwa amshike mkono, pale kwenye kifundo. Tunaomba kwa sauti ya chini, dakika moja nzima.